Jiko la Uani na Moshi Wake



Jiko ni miongoni mwa maneno ambayo wanafunzi wetu hudhani wanayajua siku ile ile wanapoyasikia. Mwalimu akiuliza maana yake, mikono yote huinuliwa. Lakini mwalimu huyo huyo akiuliza wazee wetu waliliweka wapi jiko, ndani ya nyumba au nje, na kwa sababu gani, darasa hunyamaza. Nami nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa hao wanyamazao mpaka mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilipojitwika kazi ya kujenga jiko la uani kwa mikono yangu mwenyewe, nyuma ya nyumba tunayokaa hapa Mbarara. Sikuajiri fundi. Nilikuwa na fito, udongo, mabati sita yaliyotumika, na kiburi cha mtu aliyesoma. Nitaeleza baadaye kiburi hicho kilivyonitoka.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kamusi hulipa neno jiko wingi wa namna mbili, meko na majiko, na leo jirani zetu wa Kenya huliita meko lile jiko dogo la gesi lililoketi juu ya mtungi wake, liwe moja au mengi. Neno hilo si la pwani peke yake. Wakikuyu husema riiko. Wanyarwanda na Warundi husema iziko. Na yale mawe matatu yabebayo chungu, ambayo Waswahili huyaita mafiga, ni mahiga kwa Wakikuyu, amahega kwa Wanyankole, amashyiga kwa Wanyarwanda, na amasiga kwa Waganda. Waganda wamekwenda mbali zaidi, kwani kwao essiga ni jina la tawi kubwa la ukoo: jiwe la jikoni limepanda cheo likawa jina la nasaba za wanaume. Maneno yafananayo hivi, kutoka pwani hadi Kigali, hayakuazimwa njiani na wafanya biashara. Ni urithi wa lugha mama moja, nayo yanatushuhudia kwamba mafiga yalikuwapo kabla watu hawa hawajatengana.

Lakini tazama jina la chumba chenyewe cha kupikia. Wanyarwanda hukiita igikoni, na neno hilo ni jikoni yetu sisi: ile ji ya mwanzo imegeuzwa gi, ikadhaniwa kuwa kiambishi cha ngeli, na ile -ni ya mahali ikabaki mkiani kama sehemu ya shina. Wingi wake ni ibikoni. Mwalimu mwenye wanafunzi wa darasa la juu atapata hapa somo zuri la namna maneno yanavyohama. Si kila mahali ilikuwa hivyo, maana Waganda wanalo effumbiro lao, litokanalo na kitenzi chao cha kupika. Hata hivyo mfano wa Rwanda unafikirisha: mafiga ni ya urithi, lakini jina la chumba kilichotengwa kwa ajili ya moto limesafiri kutoka mashariki.

Sababu si ngumu kuiona kwa mtu aliyewahi kulala milimani mwezi wa Julai. Katika nchi za juu, moto haukuwa wa kupikia tu. Ulikuwa blanketi la familia. Mwanamke wa Kikuyu aliuwasha katikati ya nyumba yake ya msonge, na juu yake kulikuwa na dari ya fito ambapo mbegu za mahindi zilikaushwa. Moshi ulipanda, ukapenya katika majani ya paa, ukafukuza wadudu walao majani hayo na wadudu walao mbegu. Nyumba ya majani iliyokosa moto ilioza upesi. Kwa hiyo tusiwacheke waliopika ndani: moshi ulikuwa na kazi, na mjenzi alijua kazi hiyo.

Pwani mambo yalikuwa kinyume. Huko hakuna baridi ya kuogopwa. Joto ndilo adui. Tena paa ni la makuti, na makuti yakishika moto mtaa mzima huwa mashakani. Watu wa Lamu waliojenga majumba yao ya mawe katika karne ya 18 walikata shauri la kupendeza. Nyumba zao zilibanana vichochoroni, uwanda wa ndani ulikuwa mdogo, basi jiko wakalipandisha juu kabisa, ghorofa ya mwisho, chini ya paa la makuti lililo wazi pande zake. Mahali hapo wakapaita kidari cha meko. Moshi ukaondoka na upepo wa bahari, joto likabaki huko huko juu, na vyumba vya chini, vyenye zidaka na lipu nyeupe, vikakaa baridi na safi. Ukiuliza ni nani aliyepandisha maji, kuni na unga kwa ngazi zile zilizosimama wima, jibu lake ni jingine, nalo halipendezi sana, kwani katika majumba mengi hayo kazi ilifanywa na watumwa.

Asiyekuwa na jumba la mawe alilitoa jiko nyuma. Nyumba ya Kiswahili ya mjini, kama tuijuavyo Kariakoo na Magomeni huko Dar es Salaam, ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na vyumba kushoto na kulia, na ukumbi ule hufungukia uani. Uani ndipo penye banda la jiko, choo, na pa kufulia. Mgeni wa kiume hukomea barazani. Uani ni kwa wanawake na watoto. Ndipo nazi inapokunwa, mchele unapopetwa, na habari za mtaa zinapochambuliwa kabla ya kumfikia mwenye nyumba. Ramani hii imeenea bara pamoja na lugha, ikifuata njia za misafara na, baadaye, miji ya reli. Aidha, maofisa wa kikoloni nao walijenga jiko mbali kidogo na nyumba kubwa, sambamba na vyumba vya watumishi, ili moshi na harufu ya vitunguu visiwafikie wakubwa mezani.

Hapa ndipo nilipogundua jambo lililonifanya niandike makala haya. Ukizitazama nyumba hizo zote, ya Lamu, ya Kariakoo, na ya bwana mkubwa wa kikoloni, utaona kwamba kila mjenzi alijiuliza swali moja: nifanyeje ili moshi usiingie nyumbani? Wote walilijibu vizuri. Ni wachache mno waliouliza swali la pili: je, yule atakayesimama jikoni? Lugha yetu yenyewe inatoa siri. Kijana akioa, husemwa amepata jiko. Mpishi na mafiga yake wamefanywa kitu kimoja, na hakuna ahurumiaye macho ya mafiga.

Hata wataalamu walichelewa. Katika miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, dunia ilianza kuhofia pia upungufu wa kuni. Mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm aliandika juu ya kuni kuwa ndiyo shida nyingine ya nishati, ile ya maskini. Mwaka uliofuata, tetemeko kubwa liliibomoa Guatemala, na katika kujenga upya nchi ile likazuka jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena, jina lililounganishwa kutokana na maneno mawili ya Kihispania, tope na mchanga. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkuu wa nishati mpya mjini Nairobi, na katika miaka hiyo hiyo wabunifu wa Kenya, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, waliliboresha lile jiko la bati la mkaa ambalo inasemekana lililetwa na Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa. Wakaliiga jiko la ndoo la Thailand, wakalitia kikombe cha udongo uliochomwa ndani ya bati lililobonyea kiunoni. Mafundi wa Shauri Moyo wakalishika, na jiko hilo likapenya katika nchi zetu zote. Rwanda ilipata rondereza, jina lenye maana ya kutumia kwa kubana. Majiko hayo yote yalisifiwa kwa kuokoa miti na fedha, na sifa ni ya haki: jiko la Kenya hupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi. Lakini ni msitu uliokuwa ukiokolewa. Mpishi aliokolewa kwa bahati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Kirk R. Smith, alikwenda katika vijiji vya Gujarat, India, akawavika wanawake vyombo vya kupimia hewa waliyoivuta walipokuwa wakipika. Alikuta moshi mwingi kupita ule wa miji michafu kabisa ya viwanda. Tangu hapo hesabu zimeendelea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Mkaa nao, usioonekana kutoa moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayowaua wale waingizao jiko chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Tulipohamia nyumba za ghorofa zisizo na ua, tukaendelea kupika kwa mkaa ule ule kwenye ujia na roshani, tulichukua nyumba mpya tukaacha akili ya ile ya zamani.

Sasa nirudi Mbarara. Banda langu la kwanza lilikuwa na kuta nne, mlango, na dirisha moja la kadiri ya daftari. Niliogopa mvua. Ndani niliweka mafiga matatu mazuri, nikaona nimehifadhi mila. Siku ya kulizindua nilisema nitapika mwenyewe maharage. Maharage makavu, ndugu zangu, hayana haraka. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilichochea, nikapuliza, nikalia machozi, nikatoka nje kukohoa, nikarudi. Mama watoto alikaa chini ya mwembe akinitazama, hakusema neno. Nilipoipua sufuria nilimkumbuka marehemu mama yangu, aliyepika katika banda la namna ile kwa zaidi ya miaka arobaini, na kikohozi chake cha alfajiri ambacho sisi watoto tulikichukua kama jogoo, sauti ya kawaida ya nyumbani. Hatukumuuliza. Tulijua tu kwamba kukicha mama atakohoa.

Kesho yake nilibomoa ukuta mmoja wote, ule unaoelekea upande ambao upepo wa mchana haupigi, na kuta tatu zilizobaki nikazipunguza zisifike paani, nikaacha nafasi ya mkono mzima kati ya ukuta na bati. Paa nikalirefusha mbele ili mvua isifike motoni. Mafiga nikayatoa. Badala yake nilijenga jiko la udongo la aina ambayo Wizara ya Nishati ya Uganda, ikishirikiana na Wajerumani, ilianza kuieneza vijijini katika miaka ya 2000, ambamo Lorena ya Guatemala imeunganishwa na tanuri la ndani lenye umbo la kiwiko. Sifa yake kubwa ni kwamba kila kitu kipo shambani. Udongo ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchekecha. Huchanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, hukandwa kwa miguu, kisha huachwa siku kadhaa uive. Mahali pa tanuri na pa vyungu huwekwa vipande vya shina la mgomba, udongo ukajengwa kuvizunguka, na ukianza kushikamana vipande hivyo huchongwa na kutolewa, yakabaki matundu laini kama yaliyotengenezwa kiwandani. Yale majani yaliyomo huungua polepole jiko linapotumika, yakaacha vishimo vidogo vinavyozuia joto lisipotee ukutani.

Nilikosea mara moja tena. Niliwasha kabla udongo haujakauka, na ufa ukapita kutoka mlango wa kuni hadi tundu la pili. Niliuziba kwa udongo ule ule, nikangoja majuma matatu. Dohani niliijenga kwa udongo, nikaipandisha kupita paa, na pale ipitapo katika bati nikaacha nafasi ili mabati yakitanuka kwa joto yasiivunje. Kuni nazo zina chanja yake sasa, chini ya paa. Kuni mbichi hazina jiko linaloweza kuzisaidia.

Kimo cha jiko hakukichagua mjenzi. Mama watoto alisimama wima, akakunja kiwiko, nikaweka alama ukutani kwa kipande cha chaki nilichokikuta mfukoni. Wajenzi wa kidari cha meko walikuwa stadi kuliko mimi, ila sidhani kama kuna aliyempima mpishi.

Jiko hilo sasa lina miezi minane. Masizi yapo juu ya dohani, meusi ya kutosha. Ukuta wa ndani, alioupaka chokaa mwenyewe, ungali mweupe.