Kutoka Mkondoa hadi Mkunazini: Soko, Kanisa na Hukumu ya Kumuuza Mtu Huru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wangu mmoja wa hapa Kilosa alikwenda Unguja. Akapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Mkunazini, akaonyeshwa kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliporudi aliniuliza: "Maalim, wengi waliouza na kununua pale walikuwa Waislamu. Je, dini yetu iliwaruhusu?" Swali hili halijibiwi kwa hasira, wala halifai kukwepwa.

Tuanze na historia. Katika karne ya 19 bonde la mto Mkondoa, ulipo mji wetu, lilikuwa mlango wa misafara. Watu waliotoka Bagamoyo walivuka mbuga ya Mkata, ambayo sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wakaufuata Mkondoa kupanda Usagara, kisha Mpwapwa, Ugogo, Tabora hadi Ujiji. Nguo na shanga zilipanda bara, pembe za ndovu zikateremka pwani. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira. Lakini pamoja na pembe waliteremshwa pia mateka. Ni kweli kwamba wengi zaidi waliofikishwa Unguja walitokea upande wa Kilwa na Ziwa Nyasa. Hata hivyo njia yetu nayo ilikuwa na fungu lake.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana. Ujenzi ulisimamiwa na Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 na ambaye pia alitunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 akazikwa humo. Inaelezwa kuwa madhabahu imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Lakini kufungwa kwa soko hakukuumaliza utumwa wenyewe. Hadhi yake kisheria iliondolewa Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Tusifiche kwamba vitabu vya wanazuoni wetu wa zamani vilikubali utumwa wa mateka wa vita vya kisheria, vilivyo chini ya amri ya imamu. Lakini vitabu hivyohivyo vinasema kuwa asili ya mwanadamu ni uhuru, na kwamba kinachouzwa sharti kiwe mali. Mtu huru si mali, basi kumuuza ni batili. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), wametajwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akahini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akamtumikisha kazi yote asimpe ujira wake.

Je, mwanakijiji aliyenyakuliwa usiku, au mtoto aliyetolewa kwa deni au njaa, alikuwa mateka wa vita gani vya kisheria? Imamu gani alitangaza vita hivyo? Mnunuzi aliyeogopa kuuliza bidhaa yake imetoka wapi hana udhuru. Kwa hiyo biashara ile, kwa sehemu yake kubwa, ilikuwa batili kwa sheria ileile waliyoisoma wenyewe. Asemaye Uislamu ndio uliolijenga soko lile amekosea. Asemaye Waislamu hawakuhusika naye amekosea. Kuwataja machifu waliouza watu wao, au wageni wa dini nyingine waliofadhili misafara, hakutuondolei dhima yetu.

Tumkumbuke hapa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa, kutoka Manyema. Akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tariqa ya Qadiriyya, hata akafariki mwaka 1931 akiwa anaheshimiwa na waungwana na wasio waungwana. Aliyepimwa kwa bei akawa mwalimu wa watu.

Kwa maimamu na wanafunzi, nasaha yangu ni hii: historia hii ifundishwe katika madrasa zetu kwa mizani ya sheria, vijana wetu wasingoje kuisikia kwa watembeza wageni. Na yule mtu wa tatu katika Hadithi tusimsahau. Soko la Mkunazini limefungwa, lakini mtumishi wa nyumbani anayemaliza miezi bila mshahara bado yupo, na pengine yumo majumbani mwetu.

Wallahu a'lam.