Duka Dogo na Hesabu ya Kontena

Mteja akikuta ndoo ya plastiki Majengo ni ghali kuliko supamaketi, husema mwenye duka ana tamaa. Nami nilikuwa nikisema hivyo, hadi nilipoagiza mzigo wangu mwenyewe kutoka Guangzhou, China.

Kodi haikunionea. VAT ya asilimia 16 na ushuru wa forodha huhesabiwa kwa thamani ya mzigo, kwa hivyo mkubwa na mdogo hukatwa kwa kiwango kimoja. Kinachomuumiza mdogo ni gharama zisizojali ukubwa wa mzigo: nauli ya kwenda kukagua bidhaa, ujira wa wakala wa forodha, makaratasi. Tuseme jumla yake ni shilingi 60,000. Mwenye ndoo 6,000 anaongeza shilingi 10 kwa kila ndoo. Mwenye ndoo 300 anaongeza 200. Hapo faida imekwisha kabla ya kufungua duka.

Kisha kuna mtaji. Kiwanda hakiuzi chini ya idadi fulani, na pesa zako hulala baharini kwa wiki kadhaa. Supamaketi ina matawi ya kumaliza mzigo huo. Mimi nina rafu nne.

Ndiyo maana duka likikua hufika mahali likamruka mtu wa kati. Walmart ya Marekani ilianza na duka moja Arkansas mwaka 1962. Leo hununua moja kwa moja viwandani ng'ambo. Ukubwa unaleta bei nafuu, bei nafuu inaleta wateja, na wateja wanaongeza ukubwa.

Sisi wadogo tuna njia ya kuchangia kontena. La futi 20 lina takriban mita 33 za ujazo, na kila mtu hulipia nafasi yake. Lakini wenzako ni dhamana yako. Mwenzetu mmoja hakuorodhesha bidhaa zake zote, kontena likazuiliwa bandarini kwa ukaguzi, na nguo zangu za Idd zikatoka Idd imepita. Niliziuza kwa hasara.

Kwa hivyo, nduguzangu, kabla ya kuagiza, gawa gharama zote kwa idadi ya bidhaa, kisha linganisha na bei ya muuzaji wa jumla hapa Mombasa. Akiwa nafuu, nunua kwake bila haya. Mkiamua kuchangia, kila mmoja aorodheshe mali yake kwa maandishi, wote waione, kabla kontena halijafungwa.