Samani Zisizotimiza Umri wa Sheria: Historia, Istilahi na Urejeshaji wa Samani za Kale za Mbao katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya samani za kale za mbao katika eneo la Busitema, yaani Busia na Tororo, pamoja na namna bora ya kuzirejesha. Hoja kuu ni kwamba samani hizo zinapotea kwa sababu mbili zaidi ya mchwa na unyevu. Kwanza, sheria ya urithi inazihesabu kuwa changa mno. Pili, neno "ukarabati" linaruhusu kitu cha kale kifanywe kipya. Makala yanapendekeza utaratibu wa kazi na istilahi tatu zitakazouongoza.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa samani katika Afrika Mashariki kwa kawaida huelekea pwani. Viti vya enzi vya Lamu na milango ya nakshi ya Unguja na Mombasa vimepigwa picha, vimeandikiwa vitabu na vimewekwa katika makumbusho. Mpakani hali ni tofauti. Meza za mahakama, makabati ya ofisi za wilaya, mabenchi ya misheni na viti vya stesheni za reli huingizwa katika orodha ya mali chakavu, kisha hunadiwa au hupelekwa kwa fundi vikwanguliwe na kupakwa rangi upya. Swali la makala haya ni hili: nani aliyeamua kwamba samani hizo si za kale?

2.0 Mpaka na tarehe ya ukale

Kwa upande wa Kenya jibu limo katika sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakitambua kitu kinachohamishika kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sheria hiyohiyo inalinda milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango wa pwani umepewa nusu karne ya ziada. Meza ya ofisi ya Busia haikupewa. Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967 ilimwachia waziri kutangaza kitu gani kilindwe, na ni nadra samani ya kawaida kufika mezani kwa waziri.

Mwaka 1895 ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, wakati huo eneo ambalo leo ni Busia ya Kenya halikuwa ndani ya himaya hiyo. Lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na lilihamishiwa upande wa pili tarehe 1 Aprili 1902. Kwa hiyo tarehe inayopima ukale wa samani za Busia imetokana na tukio ambalo halikuihusu Busia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia nyingine ikavuka mpaka kupitia Malaba na Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Samani nyingi za utawala, biashara na dini katika eneo hili ni za kipindi hicho au baada yake. Zina umri wa karne moja au karibu na hapo, lakini kisheria bado ni vyombo vya kawaida.

3.0 Mafundi na maneno yao

Historia ya samani hizi imehifadhiwa pia katika msamiati. Neno "kiti" limejengwa juu ya mzizi uleule wa "mti". "Meza" na "bweta" yametoka katika Kireno, na "kabati" katika Kiingereza. "Samani", "randa" na "patasi" yanatukumbusha Uajemi na Bara Hindi. Maneno ya aina hii yalianza safari zake pwani, lakini bara yalipata nguvu mpya kwa ujenzi wa reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua na mafundi takribani 32,000 waliletwa kutoka India, na takribani 6,700 kati yao walibaki. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao kazi yao ya jadi ni useremala na uhunzi.

Elimu rasmi ilifuata. Chuo kilichokuja kuwa Makerere kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa na wanafunzi 14, na useremala ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Kisha mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Pamoja na maduka, karakana nazo zilibadili mikono, na mnyororo wa mwalimu na mwanagenzi ukakatika mahali pengi. Randa na patasi zilibaki, pamoja na majina yake. Kilichopungua ni maarifa ya kumalizia: namna ya kutambua utando wa zamani na kuurudishia uhai bila kuuondoa.

Maneno mawili yanaonyesha upotevu huo. "Msasa" asili yake ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Leo neno hilo humaanisha karatasi ya dukani. "Sandarusi" ni utomvu mgumu uliochimbwa katika mwambao wetu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua kwa wingi, ikasafishwa na kutengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Fundi wa Busia anayefungua kopo la vanishi hana sababu ya kujua kwamba kwa muda mrefu kiungo bora cha bidhaa hiyo kilitoka Afrika Mashariki.

4.0 Utaratibu wa kurejesha

Kanuni ya kwanza ni kutofanya lolote lisiloweza kuondolewa baadaye. Kutokana nayo, hatua zifuatazo zinapendekezwa.

Kwanza, samani ipigwe picha, ipimwe, na kila alama iandikwe: namba ya idara, jina la stesheni, mhuri wa karakana, hata maandishi ya penseli chini ya droo. Alama hizo ndizo hati za historia yake, nazo ndizo za kwanza kufutwa na mashine ya msasa.

Pili, mbao zitambuliwe. Samani nyingi za eneo hili ni za mvule, ambao huanza na rangi ya manjano na kuwa hudhurungi kadiri unavyopata mwanga. Rangi hiyo ya umri imo katika tabaka la juu tu. Ikikwanguliwa, hupotea. Mvule pia huweza kuwa na mawe madogo ya chokaa ndani yake yanayoharibu makali ya randa, na vumbi lake huwasha ngozi na njia ya hewa. Kufunika pua na mdomo si anasa.

Tatu, utando utambuliwe kabla ya kuguswa. Pamba yenye spiriti kidogo ipakwe mahali pasipoonekana. Utando ukilainika na kunata, huenda ni shelaki, yaani utomvu wa mdudu wa India ulioyeyushwa katika spiriti. Shelaki iliyochakaa haihitaji kuondolewa: husafishwa, kisha hupakwa shelaki mpya nyembamba inayoshikamana na ile ya zamani. Utando usiolainika kwa spiriti huenda ni vanishi ya mafuta au rangi ya kisasa, na huo hushughulikiwa kwa njia nyingine.

Nne, viungo vilivyolegea vifunguliwe na kugundishwa upya, visipigiliwe misumari. Gundi ya ngozi au ya mifupa hulegea kwa joto na unyevu, hivyo fundi wa kesho ataweza kuifungua. Gundi nyeupe ya dukani hairuhusu jambo hilo kwa urahisi. Kipande kilicholiwa na mchwa kikatwe kwa kiasi kinacholazimu tu, na kiraka kiwe cha mbao za aina ileile, nyuzi zake zikielekea upande uleule.

Tano, kazi imalizwe kwa nta ya nyuki iliyopakwa kwa wembamba na kusuguliwa kwa kitambaa. Mng'aro mkali wa kioo si dalili ya kazi bora. Mara nyingi ni dalili kwamba historia imekwanguliwa.

5.0 Suala la istilahi

Katika Kiswahili cha kiserikali, "ukarabati" hutumika kwa barabara, paa, gari na kiti. Kwa barabara, kufanya upya ndilo lengo. Kwa samani ya kale, kufanya upya ndiyo hasara. Fundi anayepewa kandarasi ya "kukarabati" meza ya mwaka 1930 akaikwangua hadi ikawa nyeupe ametimiza alichoagizwa. Kosa ni la neno.

Napendekeza maneno matatu yatofautishwe: kukarabati, yaani kukifanya kitu kitumike tena, kuhifadhi, yaani kuzuia uharibifu usiendelee, na kurejesha, yaani kukirudisha kitu katika hali yake ya awali inayothibitika, bila kufuta dalili za umri wake. Suala hili lina uharaka wake. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nyaraka za zabuni zitakapoandikwa kwa Kiswahili pande zote mbili za mpaka, neno litakaloingia humo ndilo litakaloamua nini kifanyike karakanani.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mapendekezo ni manne. Kenya itumie kifungu kinachomruhusu waziri kutangaza vitu vingine vilindwe, ili kufidia pengo lililoachwa na tarehe ya 1895. Serikali za pande zote mbili zikague samani zao kabla ya kuzinadi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi za urejeshaji kwa kuanzia na maneno ya mafundi wenyewe. Mwisho, Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo hilihili, kiwakutanishe mafundi wazee na wanafunzi wa uhandisi ili utaratibu huu ufundishwe kwa mikono. Pendekezo la mwisho lisingoje sheria, kwa kuwa mafundi wanaoikumbuka shelaki wanazidi kupungua, na samani zenyewe zinaendelea kunadiwa.