Uzao wa Kondoo na Uzao wa Watu

Wasomaji wetu walio wafugaji walijua jambo hili tangu utoto: mwenye zizi hamwachi kila dume apande. Humchagua aliye bora, na aliye dhaifu humhasi. Desturi hiyo ni ya kale. Hata katika Kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi Yakobo alivyowatenga wanyama wenye nguvu na walio dhaifu katika kundi la Labani. Huko Uingereza, Robert Bakewell, mkulima wa Dishley aliyekufa mwaka 1795, alipata sifa kubwa kwa kuchagua kondoo wake hata wakanenepa upesi. Lakini hao wote walichagua tu katika yale waliyoyakuta. Hawakuigusa mbegu yenyewe.

Baadaye mkono wa mwanadamu ulifika ndani zaidi. Katika miaka ya 1980, huko Beltsville, Marekani, wataalamu waliwatia nguruwe chembe za urithi za ukuaji, nyingine za ng'ombe, nyingine za mwanadamu. Nyama ikawa na mafuta machache, kama walivyotaka. Lakini nguruwe hao wakapatwa na vidonda vya tumbo na ugonjwa wa viungo. Faida ilikuwa ya mwenye kula, na taabu ilikuwa ya mnyama. Kisha, tarehe 5 Julai 1996, katika chuo cha Roslin karibu na Edinburgh, alizaliwa kondoo Dolly, aliyetokana na chembe ya kiwele cha kondoo mwingine, pasipo dume. Mayai 277 yalijaribiwa, akapatikana mwana-kondoo mmoja tu.

Basi, je, hesabu kama hiyo yafaa kwa watoto wa watu? Wako wasiongoja jibu. Novemba 2018 He Jiankui, mtaalamu wa Shenzhen, China, alitangaza ya kuwa wamezaliwa mapacha wa kike ambao aliubadili urithi wao wangali viinitete, ili wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Wataalamu wenzake wengi walimlaumu, kwa maana njia nyingine za kuwakinga watoto zilikuwapo, tena salama zaidi. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Lakini hukumu haikuweza kuwarudisha watoto wale katika hali yao ya kwanza. Nao wakizaa, huenda wana wao wakairithi kazi ya mtu yule. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo tusiseme kwamba elimu hii yote ni mbaya. Sisi walimu twawajua watoto wanaokosa masomo kwa maumivu ya selimundu, na wengine tumewazika. Novemba 2023 Uingereza iliruhusu dawa ambayo kwayo chembe za damu ya mgonjwa hutolewa, hutengenezwa, kisha hurudishwa mwilini mwake. Huyu ni mgonjwa kweli, naye huulizwa kwanza. Na badiliko hukoma kwake, halipiti kwa wanawe. Ila huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, hali ugonjwa wenyewe umezidi sana katika Afrika.

Kwa hiyo, ndugu, tusisifu wala kukataa kabla ya kuuliza: Ni nani atakayeumia? Ni nani aliyeulizwa? Na faida yamwendea nani? Mfugaji mwema hujua kwamba mnyama wake husikia maumivu; na mzazi mwema hujua ya kuwa mtoto si mfugo wake.