Shinyanga na Geita: yaliyo juu ya ardhi

Ukitaja Shinyanga na Geita, watu wanaelewa madini. Wageni wengi huja kufuata maduara ya wachimbaji na makarasha ya kusagia mawe, wakimaliza shughuli zao wanapanda basi. Wanaondoka bila kuiona nusu ya historia ya ukanda huu, tena nusu iliyo bora.

Shimo lenyewe halikwepeki, kwa hiyo tupite Mwadui, wilayani Kishapu. Hapo mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliufikia mwamba wa almasi uliotanda hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa duniani. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Ilipochongwa zilibaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua.

Mimi hasa ningemshika mgeni mkono nimpeleke kwenye ngitili. Tangu zamani Msukuma hutenga kipande cha malisho masika yanapoanza, asikiingize mifugo, ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wasioweza kutembea mbali wapate nyasi. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuwafukuza mbung'o. Yakaja mashamba ya pamba, kisha vijiji vya ujamaa vilivyowahamisha watu wakaziacha ngitili zao. Miti ikaisha, na upepo ukabeba udongo.

Hali hiyo ilimshtua Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwanzoni maofisa walihimiza vitalu na miche, lakini wakulima walitaka ngitili yao, na nawapongeza maofisa kwa kuwasikiliza. Kipande kikipumzishwa, visiki vilivyo hai chini ya ardhi huchipua vyenyewe: migunga, mikwaju, na nyasi za kuezekea katikati yake. Sheria zilitungwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini. Kufikia mwaka 2004, mradi ulipomalizika, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mgeni atakayesimama mpakani mwezi wa Septemba, upande mmoja shamba tupu, upande wa pili kivuli na mizinga ya nyuki, hatahitaji maelezo marefu. Apite kwanza ofisi ya kijiji, maana kila ngitili ina mwenyewe, awe kaya au kijiji kizima.

Kutoka hapo elekea magharibi hadi Geita, ambako mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, kisha ushuke Ziwa Victoria. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kilikuwa makazi ya Wazinza kabla ya serikali kuwahamisha miaka ya 1960, na historia ya kisiwa isisimuliwe bila wao. Kati ya 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek alileta sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, wengine kwa miaka kadhaa, akawaachia msituni bila kuwafundisha kujitafutia. Wengi walidhani wangekufa. Wakajenga viota, wakazaana. Tembo na twiga nao waliletwa; nzohe, swala wa majini, ni mwenyeji wa tangu zamani.

Kutoka Mwanza safari imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Boti za kwenda kisiwani hupatikana Nkome na Muganza. Sokwe wanazoeshwa watu polepole, na siku nyingine mgeni huishia kusikia sauti zao tu, kwa hiyo tenga angalau siku mbili.