Santuri ya Wageni

Tumekwisha kujifunza kwamba mwana-historia hutafuta habari zake katika barua za zamani, katika daftari za hesabu, katika makaburi na katika vinywa vya wazee. Leo tutatazama kitu kingine, nacho ni santuri. Nina maana ile sahani nyeusi inayozungushwa juu ya mashine ikatoa muziki. Msicheke. Santuri ina tarehe yake na ina watu wake. Tena, kama barua, yaweza kutuambia kweli, na yaweza kutupoteza tukiisoma kwa haraka.

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni kwa herufi kubwa: DUKE ELLINGTON. Chini yake andika: BILLY STRAYHORN. Na chini yake andika mwaka: 1963.

Neno jazi si geni kwetu. Bendi za dansi za Afrika ya Mashariki zilijiita kwa neno hilo: Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Lakini jazi yenyewe ilianza Marekani, kati ya watu weusi, watoto na wajukuu wa watumwa, katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Duke Ellington alizaliwa Washington mwaka 1899. Alikuwa mpiga piano na mtunzi, na bendi yake ilikuwa kubwa, watu wapatao 15: wapiga tarumbeta, wapuliza saksofoni, wapuliza tromboni, mpiga besi na mpiga ngoma.

Watu hao walikaa naye miaka mingi mno. Harry Carney, mpuliza saksofoni ya sauti nzito, aliingia katika bendi mwaka 1927, na alikuwa bado yumo Ellington alipofariki mwaka 1974. Kwa hiyo Ellington hakutunga kwa ajili ya saksofoni tu. Alitunga kwa ajili ya Carney, kama fundi cherehani anavyomshonea mtu anayemjua vipimo. Billy Strayhorn, kijana zaidi, alikuwa mtunzi mwenzake. Walifanya kazi pamoja kwa karibu miaka 30, hata mara nyingi ilikuwa vigumu kujua mkono wa huyu umeishia wapi na wa yule umeanzia wapi.

Sasa, walikwendaje ng'ambo? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilishindana kupata marafiki duniani. Mashindano hayo huitwa Vita Baridi. Serikali ya Marekani iliona kwamba muziki waweza kufungua mlango ambao hotuba haziufungui. Mwaka 1956 ilimpeleka Dizzy Gillespie na bendi yake kubwa katika nchi za mashariki. Mwaka 1963 ikawa zamu ya Ellington, na Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo iliyolipa gharama.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili lina uzito.

Serikali ilitaka watu wa Asia wamwone mtu mweusi aliyeheshimiwa, mwenye suti nzuri na maneno mazuri. Lakini huko kwao, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi alikuwa akifukuzwa katika hoteli walimokula wazungu, na wengi walizuiwa wasipige kura. Mwezi wa Agosti 1963 Ellington alikuwa Chicago akionyesha mchezo wake uitwao "My People", uliosimulia habari za watu weusi, katika kuadhimisha miaka 100 tangu tangazo la kuwafungua watumwa. Mwanzoni mwa Septemba bendi ilikwenda Damascus, Syria, kuanza ziara. Na siku ya Jumapili, tarehe 15 Septemba, bendi ikiwa ng'ambo, bomu lililipuka katika kanisa la watu weusi mjini Birmingham, Alabama, likawaua wasichana wanne.

Basi fikirini. Mtu amesimama mbele ya waandishi wa habari katika nchi ya watu, nauli imelipwa na serikali yake, naye anaulizwa: Je, watu weusi wanatendewaje kwenu? Ellington aliulizwa hivyo mara nyingi. Alijibu kwa adabu na kwa kuzunguka. Hakukana kwamba shida ipo, wala hakuitukana nchi yake mbele ya wageni. Nyumbani walikuwapo waliomlaumu kwamba hakupaza sauti ya kutosha katika kudai haki. Mimi naona kumlaumu ni rahisi kwa yule ambaye hajawahi kusimama pale aliposimama yeye.

Ziara ilikuwa ndefu. Kutoka Damascus walikwenda Amman, Kabul, Delhi, Colombo, Lahore, Karachi, Tehran, Isfahan, Baghdad, Beirut na miji mingine. Walipiga pia Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai. Mji huo una historia yake na sisi: mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari kwenda huko kutia sauti yake katika santuri.

Safari yenyewe haikuwa starehe tupu. Ellington aliugua Delhi akalazwa hospitali. Mwezi wa Novemba, bendi ikiwa Baghdad, ndege za vita ziliishambulia ikulu ya nchi. Halafu, tarehe 22 Novemba, wakiwa Ankara, Uturuki, zikafika habari kwamba Rais Kennedy ameuawa. Ziara ikakatishwa hapo hapo, na miji iliyobaki katika ratiba ikafutwa.

Sasa tufike kwenye santuri. Mtu mwingine angerudi nyumbani na kurekodi juma lile lile, masikio yakiwa bado yana joto. Angechukua mdundo mmoja wa Kihindi na ngoma moja ya Kiarabu, akazibandika juu ya muziki wake kama kiraka. Ellington hakutaka hivyo. Alieleza kwamba aliona afadhali kuyaacha yale aliyoyasikia yakae ndani yake, yabadilike, ndipo yatoke yenyewe kwenye karatasi. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili. Beni ilitokana na bendi za askari, lakini watu wa Lamu na Mombasa waliitia mashairi yao na mashindano ya mitaa yao, ikawa ngoma yao.

Mapema mwaka 1964, huko Uingereza, bendi ilipiga vipande vinne vya kwanza. Mwaka huo huo ilikwenda Japani, nako kukazaliwa kipande kingine. Ndipo tarehe 19, 20 na 21 Desemba 1966 bendi ikaingia studio, New York, ikarekodi vipande vyote tisa. Kutoka Damascus mpaka siku hizo ni zaidi ya miaka mitatu. Santuri ilitoka mwaka 1967, ikaitwa "The Far East Suite", yaani mfululizo wa vipande juu ya Mashariki ya Mbali.

Jina hilo tulitazame. Mashariki ya Mbali ni Japani, China na jirani zao. Lakini vipande karibu vyote vya santuri hii vyahusu Syria, Jordan, Lebanon, Iran na India. Japani ina kimoja tu. Na mbali kutoka wapi? Kwa mtu wa New York nchi zote hizo ni mbali. Kwa mtu aliyekaa Dar es Salaam au Mombasa, Damascus iko kaskazini, na Bombay ni ng'ambo ya bahari ambayo majahazi yameivuka kwa pepo za kaskazi na kusi tangu zamani za kale. Kwa hiyo jina la santuri latuambia mahali alipokaa mwenye kutaja kuliko mahali panapotajwa.

Hata hivyo wanamuziki wenyewe hawakujificha. Kipande cha kwanza kinaitwa "Tourist Point of View", yaani mambo kama anavyoyaona mtalii. Nakipenda kwa ajili ya ukweli huo. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bendi hii ilipita kila mji upesi, haikungoja jembe, na kipande hicho chakiri hivyo tangu mwanzo.

Katika "Depk" utasikia miguu ya wacheza dabke, ngoma ya Waarabu wa Sham, ambayo Ellington aliiona ikichezwa na vijana. Katika "Bluebird of Delhi" Jimmy Hamilton, kwa klarineti yake, anaimba kama ndege aina ya kwenzi aliyekuwa akilia karibu na chumba cha Strayhorn huko Delhi. "Agra", mji wa Taj Mahal, wamepewa saksofoni nzito ya Carney, na jengo lile la marumaru linasikika kubwa na lenye huzuni kama lilivyo, maana ni kaburi.

Kimebaki "Isfahan". Hicho ndicho kinachopendwa zaidi. Johnny Hodges anapuliza saksofoni polepole, sauti inateleza kama hariri, na msikilizaji huona misikiti ya vigae vya buluu na madaraja ya mji ule wa Iran. Sasa sikilizeni. Kipande hicho alikitunga Strayhorn miezi kadhaa kabla ya ziara. Kilikuwa kikiitwa "Elf", yaani kiumbe mdogo wa hadithi za Kizungu. Jina la Isfahan lilikuja baadaye.

Je, tumedanganywa? Mtu akiniambia kwamba kipande hiki ni picha ya Isfahan, nitamwambia kwamba tarehe zinakataa. Lakini sikitupi. Sauti zilizoandikwa kwenye karatasi ni za kabla ya safari. Pumzi ya Hodges iliyomo katika santuri ni ya Desemba 1966, ya mtu ambaye alikuwa amekwisha kufika. Strayhorn mwenyewe wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 31 Mei 1967.

Mwalimu wa kikundi, chini ya 1963 andika ubaoni 1964, 1966 na 1967. Wanafunzi, nakilini miaka hiyo katika daftari, na mbele ya kila mwaka andikeni jambo moja lililotokea. Kisha jadilianeni swali hili: "Isfahan" tukiweke mbele ya mwaka gani? Kikundi kisichokubaliana kiandike majibu yote mawili, na sababu za kila upande. Kwaherini.