Elimu ya bure mtandaoni: Ipi ya kusoma tu na ipi ya kunakili?

KATIKA shule nyingi za mashambani mna tarakilishi chache zilizopatikana kwa jasho la wazazi, lakini hakuna intaneti ya kutegemewa. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone jinsi moyo unavyosukuma damu, au jinsi umeme unavyopita katika saketi, aghalabu hulazimika kununua bando kwa pesa zake mwenyewe.

Akilionyesha darasa zima video hiyo mara moja, gharama yaweza kuvumilika. Lakini wanafunzi arobaini wakitaka kuirudia, kila mmoja kwa wakati wake, bando litaisha kabla ya kengele kulia.

Hapo ndipo huzuka swali ambalo wengi hulipuuza: Je, nyenzo hii ni ya bure kusoma tu, ama ni ya bure hata kuinakili? Jibu lake ndilo huamua iwapo faida itamwishia mwenye simu au itaifikia shule nzima.

Maana ya 'bure'

Kutolipisha si sawa na kuruhusu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo, kitabu kuonekana mtandaoni bila malipo hakumpi msomaji idhini ya kukichapisha, kukitafsiri wala kuwagawia wengine.

Pengo hilo lilizibwa na leseni za Creative Commons, ambazo zilitolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Chini ya leseni hizo, mwandishi husalia na hakimiliki yake lakini hutangaza mapema anayoyaruhusu. Msomaji hahitaji kumwandikia barua kuomba ruhusa.

Masharti huonyeshwa kwa herufi chache, aghalabu chini kabisa ya ukurasa. BY humtaka mtumiaji ataje jina la mwandishi. NC hukataza biashara. SA humtaka anayeirekebisha kazi kuitoa kwa leseni iyo hiyo. ND hukataza kuigawa ikiwa imebadilishwa, ingawa huruhusu kuigawa jinsi ilivyo.

Kwa ufupi, palipo na mojawapo ya leseni hizi, mwalimu anaweza kupakua mara moja na kunakili kwenye tarakilishi zote za shule bila kuvunja sheria, almuradi azingatie masharti yaliyotajwa.

Mwaka uo huo wa 2002, kongamano la UNESCO jijini Paris ndilo lililozipa kazi za aina hii jina la nyenzo huria za elimu. Novemba 2019, nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha pendekezo la kuzitaka serikali zikuze utayarishaji na matumizi yake.

Hazina ya vyuo vikuu

Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza Aprili 2001 kwamba kingeweka mtandaoni vifaa vya kufundishia kozi zake. Kozi 50 za kwanza zilitolewa Septemba 2002. Kufikia 2007 zilikuwa takriban 1,800, na sasa zimezidi 2,500.

Mpango huo, uitwao OpenCourseWare, hujumuisha madondoo ya mihadhara, mazoezi, mitihani na, kwa baadhi ya kozi, video. Mihadhara ya Profesa Gilbert Strang kuhusu aljebra ni miongoni mwa ile inayotazamwa sana duniani. Leseni yake huruhusu kunakili na kurekebisha, mradi si kwa biashara.

Kwa anayehitaji kitabu kizima cha kiada, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ndiyo ya kuanzia. Vitabu vyake vya kwanza, vya Fizikia na Sosholojia, vilitolewa 2012. Tangu hapo vimeongezwa vya Biolojia, Kemia, Takwimu, Uchumi na Uhasibu, na vyote hupakuliwa bila malipo.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza nacho kilianzisha OpenLearn mwaka wa 2006, chenye kozi fupi zinazomfaa mtu anayejisomea baada ya kazi.

Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wana njia nyingine. Tangu 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani (WHO) huziwezesha taasisi za nchi zenye mapato madogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Hinari hupitia kwa taasisi, si kwa mtu binafsi. Kwa hivyo, wa kuulizwa ni mkutubi wa chuo.

Shule za msingi na upili

Salman Khan alianza kwa kumfundisha binamuye hisabati kutoka mbali mwaka wa 2004. Kazi hiyo ilizaa Khan Academy, shirika lisilo la faida ambalo video na mazoezi yake sasa huanzia hesabu za watoto hadi kalkulasi, Kemia na Fizikia.

Kwa shule isiyo na maabara, mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni msaada mkubwa. Ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Mwanafunzi huunganisha betri na balbu, huchanganya asidi na besi, au hubadilisha urefu wa pendulamu kwenye skrini na kuona matokeo papo hapo. Majaribio hayo hupakuliwa na kutumika bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Walimu wa madarasa ya chini wasiipite African Storybook, iliyoasisiwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu anaruhusiwa kuzitafsiri katika lugha ya eneo lake na kuzichapisha. Mradi wa TESSA nao huwapa walimu mbinu za kufundishia, na una vifaa kwa Kiswahili.

Humu nchini, Taasisi ya Ustawishaji wa Mitaala (KICD) huweka mtandaoni miundo ya mtaala ya kila gredi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na Covid-19, taasisi hiyo ilipeperusha masomo kupitia redio, runinga ya Edu Channel na YouTube, na kuwaelekeza wanafunzi kwenye hifadhi yake ya dijitali, Kenya Education Cloud.

Pasipo na intaneti

Hadi 2009, Kenya ilitegemea intaneti ya setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na hali ikaanza kubadilika. Hata hivyo, waya kufika Pwani si sawa na waya kufika darasani.

Programu mbili zimebuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Kiwix huihifadhi ensaiklopedia nzima ya Wikipedia katika faili moja inayosomeka bila mtandao. Toleo la Kiswahili la Wikipedia, lililoanza 2003, ni dogo mno kuliko la Kiingereza na hutoshea kwa urahisi kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu ya simu.

Ya pili ni Kolibri. Huwekwa katika tarakilishi moja, ambayo huweza hata kuwa kuukuu, kisha simu na tarakilishi nyingine chumbani huunganishwa nayo bila kutumia bando. Masomo ya Khan Academy, majaribio ya PhET na hadithi za African Storybook hupatikana humo. Mwalimu mmoja akizipakua mjini wikendi, shule itazitumia muhula mzima.

Hilo linawezekana kwa sababu leseni inaruhusu. Nyenzo ambayo ni ya bure kutazama tu haiwezi kuwekwa humo pasipo idhini ya mwenyewe.

Ya kutahadhari

Kwanza, bure ya leo huenda isiwe bure ya kesho. edX ilianzishwa 2012 na MIT pamoja na Harvard kama asasi isiyo ya faida, lakini mwaka wa 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U. Katika majukwaa mengi ya aina hiyo cheti hulipiwa. Asiyetaka kulipa na asome masharti kabla ya kujiandikisha.

Pili, kozi nyingi hizi zilitungwa kwa mfumo wa Marekani au Uingereza. Mwalimu ayapange masomo kwa kufuata mtaala wa KICD kwanza, kisha atafute video au zoezi linaloafiki mada. Akifanya kinyume, wanafunzi watajua mengi ambayo hawatatahiniwa na kukosa watakayotahiniwa.

Tatu, kumaliza kozi za OpenCourseWare hakumfanyi mtu kuwa mhitimu wa MIT. Chuo hicho hakitoi shahada wala cheti kwa njia hiyo.

Nne, tovuti zinazomtaka mwanafunzi alipe kwa simu ili 'afungue' karatasi za mitihani iliyopita si nyenzo huria, hata zikijiita hivyo. Karatasi za mitihani ya kitaifa ni za Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), na ndilo lenye mamlaka ya kuzitoa.

Kwa hivyo, kabla ya kutumia bando, mzazi au mwalimu ateremke hadi chini ya ukurasa na azitafute zile herufi: BY, NC, SA, ND. Akizipata, apakue mara moja, anakili na awagawie wenzake. Asipozipata, asome hapo hapo, ama aombe idhini.